Siku Sita Nilizosikilizwa

Watu wakishajua kwamba niliwahi kuugua akili, sauti zao zinabadilika. Mteja aliyenifokea wiki iliyopita kwa kumchelewesha sare ya mwanawe, leo ananiambia polepole, "Pole na kazi, mama, usijichoshe," huku macho yake yanatafuta mkasi uko wapi. Jamani, mimi ni fundi cherehani hapa Makambako. Mkasi uwe wapi kama si mkononi mwangu? Niliugua siku kumi na moja. Nimezihesabu kwa msaada wa dada yangu na karatasi za hospitali, maana nyingine sizikumbuki. Wapo watu mjini hapa ambao hawajawahi kumaliza siku kumi na moja mfululizo wakiwa na akili timamu, na hakuna anayewaficha mkasi.

Lakini hilo nimeshalizoea. Linaloniuma ni mama mkwe wangu. Nikiwa mgonjwa nilisema neno juu yake, na mpaka leo nahangaika kulirudisha.

Mume wangu alikuwa Mbena, ananunua viazi vijijini na kuvipakia kwenye malori yanayoshuka Dar. Jumapili moja mama yake alikuja kututembelea kutoka kijijini kwao, ng'ambo ya Njombe, akatuletea dumu la ulanzi mbichi, ule mtamu ambao haujachacha, alioukinga kwenye mianzi yake asubuhi hiyo. Tulikunywa wote. Hata binti yetu wa miaka mitatu alilamba kikombe. Jumatatu mume wangu akaanza kulalamika tumbo, nikamchemshia tangawizi. Jumanne akasema limezidi, na mimi nikamjibu, "Acha kudeka, baba, lori linakusubiri." Akaenda, akabeba magunia. Jumatano asubuhi tulimpeleka hospitali Njombe akiwa hawezi kunyooka, na kabla ya jioni alikuwa amefariki. Daktari alituambia kidole tumbo kilipasuka, na kwamba angefika siku moja kabla, angeweza kupona. Hakusema kwa ubaya. Ila hiyo siku moja ilikuwa yangu mimi, na nilijua.

Tulimzika Ijumaa kijijini. Ukungu ulikuwa mzito, hata waliosimama upande wa pili wa kaburi niliwaona nusunusu. Mjane kwao hukaa ndani juu ya mkeka, amezungukwa na wanawake, hashiki kazi yoyote mpaka matanga yaanuliwe. Mimi ni Mkinga wa Makete, nyumbani kwetu si mbali na Tandala, na Mkinga ukimkalisha bure umemwadhibu. Toka Jumatano sikupata usingizi. Sikulia pia, na hilo wanawake walilinong'ona wakidhani sisikii. Chakula kilikuja mbele yangu kikarudi kilivyo. Dada yangu, aliyekuja mazishini, alinisihi nile, nikamwambia nimeshiba. Jumamosi akarudi Makete kwa watoto wake, akaondoka na binti yangu.

Jumapili jua lilichomoza kidogo, bati likaanza kualika juu ya vichwa vyetu, kama bati lolote linavyofanya likipata joto. Mimi nikasikia linaita jina langu. Baada ya muda nikasikia sauti ya mume wangu. Si kwamba niliikumbuka. Niliisikia, sikioni, waziwazi kuliko ninavyomsikia mteja akiwa mlangoni. Aliniambia anaona baridi na lori limemwacha. Sikushangaa hata kidogo. Hili ndilo ninaloshindwa kuwaeleza watu wanaoniuliza ilikuwaje: hakuna mahali unapovuka ukasema, haya, sasa nimechanganyikiwa. Mambo yanakuwa ya kawaida tu, isipokuwa wewe peke yako ndiye unayeyasikia. Nilisimama nikamjibu kwa sauti, na wanawake wakatoka kuwaita wazee.

Katika ukoo ule wanaamini kwamba mtu akifa ghafla huenda akamtumia mkewe kusema kilichomwondoa, na mpaka amalize kusema, matanga hayaanuliwi. Sisemi Wabena wote wako hivyo. Nasema ukoo ule. Tena ni Walutheri wa kuzaliwa, watu wanaoimba tenzi za kanisani tangu mwanzo hadi mwisho bila kufungua kitabu. Waliomba kwanza, wakaimba beti mbili, ndipo wakaanza kumhoji marehemu.

Aliyeongoza alikuwa baba mdogo wa mume wangu, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Alinikalisha kwenye kigoda, akanivika koti la mume wangu, akaweka simu yake gotini ikirekodi.

"Kamwene, kijana wetu," alinisalimu kwa Kibena. "Tuko hapa. Sema."

Nitasema ukweli hata kama unaniaibisha: nilifurahi. Miaka sita nilikuwa mkamwana wa nyumba ile, na kila nilipofungua mdomo wanaume waliendelea na habari zao za miti na parachichi. Sasa wazee walinisogezea viti. Nikikohoa, wanasubiri nimalize kukohoa. Sikumbuki yote niliyosema. Nakumbuka kila kitu kilikuwa na maana, hadi nzi aliyetua kwenye ukingo wa kikombe, na nilihisi ninajua jambo ambalo dunia nzima haijui. Na nakumbuka nilisema mama mkwe wangu ndiye aliyemwua mwanawe, kwa ule ulanzi.

Niliongea siku sita. Siku sita! Ningekuwa na homa wangenipeleka zahanati siku ya kwanza. Ningevunjika mguu wangenibeba kwa machela wakigombania nani ashike mbele. Niliongea kutwa kucha sina chakula tumboni, midomo imepasuka, najikojolea kwenye koti la mume wangu, na watu wazima waliosoma wamekaa wananisikiliza. Kila siku rekodi mpya ilirushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na ndugu walioko Dar na Mbeya wakajibu kwa picha za viganja vilivyounganishwa, eti wanasali.

Katika watu wote wale, aliyeona kwamba naumwa alikuwa mmoja tu, naye ni huyo huyo niliyemtaja. Mama mkwe wangu alisimama mbele ya wanaume akasema, "Huyu mtoto anaumwa. Mpelekeni hospitali."

Shemeji yangu mkubwa, mwanawe mwenyewe wa kumzaa, akamjibu, "Mama, unataka kumnyamazisha marehemu, siyo?"

Mama mkwe alitoka akaenda nyuma ya mianzi yake, akampigia simu dada yangu. Dada alinieleza baadaye maneno yake yalivyokuwa: "Mwanangu, njoo umchukue mwenzio kabla hajafa. Mimi hawanisikilizi tena." Mtu nimemwita mchawi mbele ya ukoo wake, na yeye anatafuta mtandao mianzini ili niokolewe. Kila nikifikiria hapo nakosa pa kujificha.

Dada alifika Ijumaa na pikapu ya kubebea mbolea. Dada yangu ana mdomo, jamani, Mungu ambariki kwa huo mdomo. Waliponizuia, alimwambia baba mdogo kwamba anaondoka na mimi au anaondoka kuwaita polisi, achague mwenyewe. Baba mdogo akamwonya kwamba nikiondoka marehemu hajamaliza, lolote litakalonipata liko juu yake. "Na liwe," dada akasema, akanipandisha nyuma, akaniegemeza kwenye mifuko.

Alinipeleka hospitali moja ya misheni upande wa kwetu. Walinipima malaria, sukari na mengine ya damu, kwa sababu, waliniambia baadaye, yapo maradhi ya mwili yanayoweza kumvuruga mtu vilevile. Hawakukuta kitu. Walinichoma sindano nikalala mchana na usiku wake. Ile sauti haikukatika mara moja. Ilififia siku hadi siku, kama redio ya jirani anayetembea nayo kuelekea shambani. Jumatano niliamka nikamwuliza dada kwa nini nimevaa gauni lake. Dada yangu, ambaye hata kwenye msiba wa baba yetu alikuwa anasimamia jiko, alikaa sakafuni akalia.

Daktari wangu alikuwa mwanamke kijana, mdogo hata kuliko mimi. Alivuta kiti akakaa, hakunisimamia. Aliniambia nilichougua kinaitwa ugonjwa wa akili wa muda mfupi. Unakuja ghafla, mara nyingi baada ya pigo kubwa, unakaa siku chache au wiki kadhaa, haufiki mwezi, halafu mtu anarudi kama alivyokuwa. Ukipita mwezi wanaanza kuutafutia jina jingine. Wengine unawapata mara moja maishani basi, wengine unawarudia, kwa hiyo nimeze dawa miezi aliyopanga, tutaipunguza polepole, nirudi kliniki, na nikikosa usingizi siku mbili mfululizo nisisubiri ya tatu.

"Kwa hiyo hakuwa yeye aliyekuwa anasema?" nilimwuliza.

"Hakuwa yeye. Ulikuwa umefiwa, hukulala siku nne, hukula. Akili ilielemewa."

"Mbona nilimtaja mama?"

Akasema hilo hawezi kujua, kwa nini mgonjwa anasema hili asiseme lile. Mimi sikumwambia, lakini najua. Ile Jumanne ilikuwa nzito mno, nikatafuta mtu wa kumtwisha.

Dawa nazo zilinionyesha cha moto. Taya lilikaza, ulimi ukawa mzito, mikono ikatetemeka hata kutunga uzi kwenye sindano nikashindwa. Fundi gani asiyetunga uzi? Nilitaka kuzitupa chooni. Dada akanirudisha kwa daktari, naye daktari akapunguza kipimo, akaongeza kidonge kingine cha kutuliza ile mitetemo, na baada ya wiki tatu nikashona gauni la kwanza. Pindo lilikwenda upande. Mwenye gauni alilipa akaondoka haraka.

Nilikuwa nimesharudi Makambako na binti yangu, siku dada alipokuja akanipa simu yake yenye rekodi moja aliyorushiwa. "Usikilize mwenyewe," alisema, "usije ukasikia kwa watu." Nikaisikia sauti yangu. Ilikuwa kavu, ya haraka, ya mtu asiyemeza mate. Na nikamsikia baba mdogo, kwa utaratibu wake ule wa darasani.

"Ni mtu wa nje au wa ndani?"

"Wa ndani."

"Mwanaume au mwanamke?"

"Mwanamke."

"Ni huyu aliyekuja kwenu Jumapili? Mama yako?"

Jogoo aliwika mahali fulani. Halafu mimi: "Ndiyo."

"Alikupa nini?"

"Ulanzi."

Niliirudia mara nyingi. Mama alitajwa na yeye. Ulanzi niliutaja mimi. Kwa nini baba mdogo aliuliza vile, sijui. Huenda alikuwa na lake moyoni, huenda alikuwa mzee aliyefiwa na mtoto anatafuta sababu. Sitamsingizia. Nimeshasingizia mtu mmoja, inatosha.

Huko kijijini mama mkwe alikuwa amekwisha. Hakufukuzwa na mtu. Watu waliacha tu kumwomba chumvi. Kanisani benchi lake lilibaki na nafasi pande zote mbili, na kina mama wa umoja wao wakasahau kumwambia siku za mkutano. Kwenye msiba wa jirani alipeleka sufuria la maharage, likarudi limejaa. Ukiwauliza wanakujibu, lisemwalo lipo, kama halipo linakuja. Wanawe walimkataza kuwashika wajukuu. Mianzi yake yenyewe iliendelea kutoa ulanzi, naye akaumwaga chini kila asubuhi kwa sababu hakuna wa kuunywa, hata wale walevi wa njiani ambao hawajawahi kukataa kitu.

Niliomba kikao cha ukoo. Walikubali, Jumapili baada ya ibada. Nilivaa gauni langu zuri, nikachana nywele, nikameza kidonge changu asubuhi, nikabeba karatasi za hospitali kwenye bahasha. Njiani nilirudia maneno yangu kama mtoto anayekwenda kusoma shairi mbele ya wazazi. Niliwaambia wote, wamekaa palepale waliponihoji: nilikuwa mgonjwa, ugonjwa una jina, hizi hapa karatasi. Marehemu hakusema lolote. Mama hana kosa. Na kama wanamtaka mtu aliyemchelewesha mume wangu kufika hospitali, nikajipiga kifua, ni mimi, nilimwambia anadeka. Nilikuwa sijawahi kulisema hilo mbele ya mtu. Nikakaa.

Baba mdogo alizisoma karatasi zote, kwa makini, akanirudishia.

"Mkamwana," alisema kwa upole, "tunashukuru umepona. Lakini siku ile hukusema wewe. Leo ndiyo unasema wewe, na wewe hukuwepo."

"Nilikuwepo! Ni wewe uliyeniuliza kama ni mama! Ipo kwenye simu yako!"

"Mwalimu akiuliza swali, jibu ni la mwanafunzi."

Hapo nikapandwa na hasira, nikasimama nikapaza sauti. Nilisema kila kitu kilichonijia, mengine sitayaandika. Nilipovuta pumzi, niliwaona wanatazamana. Shemeji yangu mmoja alimsogeza mtoto wake nyuma ya kiti. Mtu mwingine yeyote kwenye kikao kile angeweza kupiga kelele na kupiga meza, wangesema amekasirika. Mimi nikikasirika imeanza tena. Ilinibidi nikae, nikunje mikono, niombe radhi. Kwa kweli niliwachukia siku ile, wote, na sala yao ya kufunga nayo. Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe, nikamwambia afunge vitu vyake. Alibisha kidogo, akasema nyumba haiachwi, lakini alikuwa anafunga huku anabisha.

Huu ni mwezi wa nane yuko na mimi hapa Makambako. Dawa nilishamaliza kwa utaratibu wa daktari, nalala, nakula, nashona. Yeye anafagia uwanja, anachambua maharage, anasimamia duka langu nikienda sokoni kutafuta vitambaa. Ila hapiki. Hapakui chakula. Binti yangu akimkimbilia, ananyanyua mikono juu na kuniita nije nimchukue. Nilidhani anaogopa maneno ya majirani, kwamba habari zimemfuata mpaka huku, nikawa namtania, "Mama, hapa mjini nani ana muda na wewe?" Anacheka kidogo, basi.

Juzi mtoto alianguka uwanjani akachunika goti. Nilikuwa kwenye cherehani, nikamsikia akilia, nikajua bibi yake yupo pale. Kilio hakikukatika. Nikatoka. Mtoto alikuwa chini, damu inachuruzika, anamwita bibi, na bibi amekaa hatua tatu tu kutoka pale, machozi yanamtoka, mikono yake ameikalia.

Nilifoka. "Mama! Huyu ni mjukuu wako! Kwa nini humshiki?"

Hakuniangalia. "Mwanangu," alisema, "siku zile, uliniona kweli?"

"Sikukuona, mama. Nimeshakwambia. Hakukuwa na kitu cha kuona, nilikuwa mgonjwa, nilikuwa sijui ninachosema."

"Najua ulikuwa mgonjwa. Mimi ndiye niliyewaambia unaumwa. Lakini, mwanangu, ule ulanzi niliukinga mimi, kwa mikono hii. Wanasema wapo wanaofanya na hawajijui. Wewe ulisema usichokijua, ukapona, ukaambiwa. Na mimi kama nilifanya nisichokijua, nani ataniambia?"

Nilimwinua mtoto, nikamwosha goti kwa maji ya ndoo, na mama mkwe wangu akaendelea kuikalia mikono yake.